Shingo ya Apolina na Masini Iliyonyamaza

Watoto wangu, mbele ya kusoma, geuzeni kichwa kwa kuume. Polepole, musije mukanilaumu. Sasa wekeni vidole kwa shingo, upande wa kushoto, chini ya sikio, mushuke navyo mupaka kwa mufupa wa kifua. Munasikia kamba? Ile kamba njo inavuta. Kichwa inaenda kuume, lakini musuli ya mbele yenye inaivuta iko kushoto. Ya nyuma, chini ya kisogo, njo iko kuume. Wanafunzi wote wanakosea hapo. Wanaona kichwa imeenda kuume, wanapima kuume tu, mbele na nyuma, kisha wanashangaa masini imewapa nusu ya maneno.

Niko naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati ya vyombo. Tangu niache kazi, kiti inanichoma. Mukubwa wa masomo yenu alinipigia simu, akaniomba niwaandikie ninyi munaoanza kazi ya kine, hii kazi yetu ya kunyoosha viungo na misuli ya watu. Alitaka niseme yale nilijifunza kwa masini ya kupima misuli ya shingo. Nilijibu ndiyo upesi, kama kawaida yangu, na sasa naona kuandika kunataka mutu wa kukaa, na mimi Mungu aliniumba bila makalio ya kukaa. Nyumba yangu iko hapa kwa mutaa wa Bigo. Kila pikipiki ikisimama karibu ya parseli, kiwanja chetu, naenda dirishani, nikizani wameniletea mugonjwa. Leo alikuwa jirani, na mukungu wake wa ndizi.

Hata kanisani situlii. Pasta anahubiri, mimi naangalia shingo za wanakwaya. Mwezi uliopita niliona kijana wa sauti ya chini ameinamisha kichwa kushoto tangu wimbo wa kwanza mupaka wa mwisho. Vile ibada iliisha nilimukamata kwa mukono, nikamupapasa shingo mbele ya muchumba wake, nikamuuliza inamushika tangu lini. Akaniambia, Mama, nililala vibaya, muto ilianguka. Muchumba wake alicheka mupaka akakaa chini. Basi na ninyi siku moja mutakuwa hivyo, musinicheke.

Wagonjwa waliniita Mama Sindano. Jina langu ni Kavira, na sindano kwa kweli nilichoma mara chache. Zaidi nilibandika. Masini yetu ilikuwa na nyuzi, na kwa mwisho wa kila uzi kuna kidude cha kubandika kwa ngozi, elektrodi. Musuli ikifanya kazi, inatoa umeme kidogo sana, na masini inakamata ule umeme, inauchora kwa kioo na kuutoa kwa sauti. Musuli yenye imelala, kioo inaonyesha mustari umenyooka na sauti hakuna. Musuli yenye inafanya kazi inalia kama mvua kwa mabati.

Ugonjwa nilioupima zaidi ni ule wa shingo kugeuka yenyewe. Kwa vitabu vyenu munausoma kwa jina la distonia. Mimi nasema hivi: misuli ya shingo inafanya kazi yenye hakuna mutu aliituma. Mugonjwa anataka kuangalia mbele, shingo inamukatalia. Inavuta, inatetemeka, inauma mupaka kwa bega. Usingizi njo unaipumuzisha. Na kwa sababu inavuta mutu mwenye akili timamu, mwenye anaongea na kupika na kuuza, watu wanakataa kuamini kama ni ugonjwa. Wanasema ana kiburi. Wanasema amerogwa. Hiyo inanikasirisha mupaka leo, na ndiyo maana kalamu yangu inakimbia.

Aliyenifundisha ni Muzee Drani, mutu wa Ariwara kule mupakani, mupole mupaka unataka kumusukuma. Masini ile ya kwanza aliisindikiza yeye mwenyewe kutoka Kampala, ameipakata kwa magoti njia yote, na kila shimo ya barabara aliinyanyua juu na mikono. Siku yangu ya kwanza nilibandika mugonjwa, nikasikia ngurumo kubwa, nikamwita: Muzee, huyu ana shingo ya ng'ombe dume! Alitoka inje polepole na sandale zake, akazima jenereta, akarudi. Ngurumo ikaisha. Nilikuwa nimepima jenereta. Tangu siku ile, mbele ya kusema kitu juu ya mugonjwa, naangalia kwanza nini imewashwa ndani ya nyumba: taa, simu yenye inachajiwa, friji ya mulango wa pili. Na ninyi mufanye hivyo.

Na mimi mwenyewe nilikuwa kama jenereta. Nilikuwa napiga mguu chini bila kujua, nyuzi zinatikisika, kioo inachora milima. Muzee Drani alinivumilia, kisha akanipa kitambaa kizito, akasema nikamue ile kwa mikono wakati masini inasoma, kama mutu anakamua nguo. Nilikamua kitambaa miaka yote. Yenye nilianza nayo iliisha, nikashona ingine.

Kitu ingine: ngozi. Masini haisomi kupitia mafuta. Na wagonjwa wetu, mbele ya kufika kwetu, walikuwa wamepita kwa chumba ya maombi, shingo inang'aa mafuta ya kuombewa. Ukitwaa pamba na alkoli kuifuta, mugonjwa anakushika mukono: Mama, unanifutia maombi? Nilikuwa nabishana nao. Muzee Drani hakubishana hata siku moja. Aliwaambia kwamba maombi imekwisha kuingia ndani, yenye imebaki juu ni mafuta tu. Wakaachilia. Shikeni ile maneno, itawaponyesha mara mingi kuliko yangu.

Yeye tena njo alituachia desturi ya kuomba mbele ya kupima. Hakuna mugonjwa aliyewekwa elektrodi bila sala. Yule mulinzi wa mugonjwa, ndugu mwenye amemusindikiza, anaweka mukono kwa kichwa ao kwa shingo, siye tunainamisha kichwa, tunasema amina, tunaanza. Ni desturi nzuri, na nawaomba musiiache. Lakini sasa nifike kwa Apolina, maana namuzunguka tangu asubuhi.

Apolina alikuwa mushonaji hapa hapa Bigo, muke wa mufanyabiashara mwenye alikuwa anapanda Ariwara na kushuka na vitu. Wakwe zake ni watu wa hapa Ituri tangu zamani, watu wa ng'ombe. Shingo yake ilianza kugeuka kuume taratibu, kisha ikawa kila siku. Kwa meza, bwana yake anakaa kushoto, yeye anaangalia ukuta. Kanisani anaangalia dirisha. Mukwe akimusalimia, uso unaenda pembeni. Mama mukwe wake, Mama Veronika, alisema mbele ya watu kama huyu muke anawageuzia uso. Baba mudogo wa bwana yake, Yoakimu, kiongozi wa kikundi cha maombi, alisema ni pepo.

Wazee wa jamaa walikaa wakakata shauri hivi: aende kwa masini ya hospitali. Masini ikionyesha ugonjwa, atatibiwa. Masini ikinyamaza, atarudi kwa baba yake, ng'ombe za mahari zirudi, na watoto wabaki. Watoto walikuwa watatu, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Dokta wetu, Dokta Zefirini, aliwaambia kwamba masini haihukumu watu. Alipima kwa sababu ingine: dawa ya kulegeza misuli ilikuwa inatoka Kampala ndani ya barafu, chupa ndogo sana, na ukiichoma kwa musuli yenye haina kosa, mugonjwa anaweza kushindwa kumeza hata mate. Walimusikiliza, wakatikisa kichwa, na kila mutu akabaki na yake.

Siku ya kupima, mulinzi wa mugonjwa alikuwa Mama Veronika mwenyewe. Alikuja kuangalia asidanganywe. Apolina alikaa kwa kiti, kichwa imegeuka, inatetemeka, jasho kwa mudomo wa juu. Nilifuta shingo, nikabandika kushoto mbele, kuume nyuma, na zile zingine za kulinganisha. Tukaomba. Mama Veronika aliweka mukono yake ya kuume kwa kisogo ya mukaza-mwana wake, pale chini ambapo nywele zinaishia. Amina. Nikawasha masini.

Kimya.

Nikaangalia nyuzi. Nikagusa kila elektrodi. Nikamwambia Apolina ageuze kichwa kushoto kwa kupenda kwake, masini ikalia vizuri, kumaanisha ilikuwa nzima. Nikamwambia aangalie mbele, apumuzike. Kimya tena, mustari umenyooka kama uzi wa kushonea. Na kwa kweli kichwa yake ilikuwa imenyooka! Siye wote tuliona, na siye wote tulifurahi moyoni kama ametulia, sala imemutuliza, ni vizuri. Hakuna mutu aliuliza kwa nini mugonjwa ametulia siku yenye tulimutaka asitulie.

Dokta Zefirini alisubiri, akajaribu kumukalisha namna ingine, akasubiri tena. Mwishoni akasema polepole kwamba leo haoni kitu. Hakusema hana ugonjwa. Lakini Mama Veronika alisikia yenye alikuwa anangojea kusikia, na Apolina pia aliisikia. Machozi zilimushuka bila sauti. Alisema tu kwamba mutoto wa kunyonya hajazoea bugali.

Mimi nilikamua kile kitambaa mupaka vidole vikauma. Nilitaka kupiga masini teke. Nilikuwa nimemuona huyu muke kwa kibaraza akigongana na mulango kwa sababu ya shingo yake, na sasa masini yangu, yenye nilikuwa naisifia kwa mutu yeyote, inasema hakuna kitu. Dokta alinyoosha mukono kuizima. Nikamwomba aache kidogo. Sikuwa na sababu. Nilikuwa tu siwezi kukubali.

Njo simu ya Mama Veronika ikalia, ndani ya kikwembe, kile kitenge chake cha kiuno, na wimbo wa kwaya. Alitoa mukono kwa shingo ya Apolina, yenye haikuondoka pale tangu amina, kutafuta simu kwa fundo la kikwembe.

Mvua ikaanguka kwa mabati. Namna gani niwaambie? Kioo yote ikajaa. Kushoto mbele, kuume nyuma, zile mbili zenye nilikuwa nangojea, zilipasuka kwa kelele, na kichwa ya Apolina ikaondoka kuume kama mutu ameivuta na kamba. Mama Veronika alikuwa anaongea kwa simu, alo, alo, hakuona kitu. Akamaliza. Akarudisha mukono pale pale kwa kisogo, kama mutu anarudisha kifuniko kwa chungu. Kimya. Kichwa ikarudi mbele.

Dokta aliniangalia, mimi nikamuangalia. Yeye alikuwa ameisoma shuleni, mimi nilikuwa sijawahi kuiona na macho. Akamwambia Mama Veronika, kwa heshima, atoe mukono. Mvua. Aurudishe. Kimya. Kisha akamweleza kwamba wengi wenye ugonjwa huu wako na fasi moja kwa mwili, kidevu ao shavu ao kisogo, ikiguswa kidogo tu, misuli inalegea kwa muda. Haiponyeshi. Inadanganya ugonjwa, basi. Na leo ilikuwa imedanganya ugonjwa na masini na siye wote.

Mama Veronika aliangalia kiganja chake. Alikigeuza huku na huku kama kitu ameokota njiani.

Nilimuuliza Apolina kama alikuwa anajua. Alijua. Kwa nyumba ya kushonea alikuwa anaegemeza kisogo kwa ukuta ndipo anaweza kuingiza uzi kwa sindano. Nikakasirika, nikamuuliza kwa nini hakutuambia, na miezi yote hii. Akajibu:

"Mama Sindano, ningesema, wangeniambia: kumbe unaweza kuacha. Ukitaka, unaweza."

Watoto, hapo nilikaa chini. Mimi Kavira nilikaa kwa kiti bila mutu kunilazimisha. Aliogopa kitu cha kweli. Kama mutu ana kitu kidogo chenye kinamupumuzisha, watu wanasema ugonjwa ni wa kujitakia, basi anakificha, na sisi wenye kupima tunakosa habari yenye tunaitafuta. Kwa hiyo mutu wa shingo akifika kwenu, mumuulize kwa upole: ukigusa wapi inatulia? Na mumuambie mapema kwamba jibu lake ni alama ya ugonjwa, haliko kosa. Kisha muombe na mukono kwa kichwa, amina, na mukono itoke mbele ya kuwasha.

Mulizani hadithi imeisha? Hata mimi nilizani. Dokta alijua sasa wapi pa kuchoma. Lakini jamaa walikuwa bado.

Siku ya Mungu, kisha ibada, walikusanyika kwa nyumba ya Mama Veronika. Dokta alikuwa na zamu, akanituma mimi. Wanaume walikaa kwa viti vya mbao, wanawake kwa mikeka, na Apolina mulangoni, mutoto kwa kifua, uso umegeukia inje. Bwana yake alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaeleza yote, masini, mukono, mvua kwa mabati. Nilieleza upesi sana, nakubali. Walisikiliza mupaka mwisho, kisha Yoakimu akasimama. Yeye hakuwa mutu mubaya. Aliamini.

Alisema kwamba Mama Sindano amewathibitishia. Mama Veronika ameomba, ameweka mukono, kitu ikanyamaza. Ameondoa mukono, kitu ikaamuka. Ugonjwa gani unatii mukono ya mutu aliyeomba? Pepo. Wazee wakaguna kwa kukubali. Ile yenye nilileta kumutetea ilikuwa imegeuka kumushitaki.

Nilisimama. Nilisema pepo gani hii inajua kuchagua musuli ya kushoto mbele na ya kuume nyuma, na kuacha zingine zote zilale. Nikawaambia wageuze vichwa wapapase. Wawili watatu walipapasa. Yoakimu akaniambia kwa utulivu kwamba mimi ni mutu wa masini, naamini masini. Nilikuwa natafuta kitambaa changu kwa mufuko, nilikuwa nimekisahau kazini. Mutoto wa Apolina akaanza kulia.

Mama Veronika alikuwa kwa mukeka na wanawake wengine. Alisimama, akafunga kikwembe vizuri, akamwita mukaza-mwana wake aje katikati. Akamukalisha chini mbele yake. Akaweka mukono kwa kisogo. Kichwa ya Apolina ikarudi mbele, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale, aliangalia bwana yake. Mama Veronika akatoa mukono, ikaondoka. Akarudisha. Wote waliona. Bwana yake aliacha kuangalia viatu vyake.

Kisha Mama Veronika akamuangalia shemeji yake Yoakimu.

"Kama ni ugonjwa," alisema, "atatibiwa hapa. Kama ni pepo, basi inaogopa mukono yangu, na mukono yangu iko hapa. Haiko kwa baba yake. Sasa muniambie anaenda wapi."

Yoakimu akakaa. Hata mimi sikuwa na kitu cha kuongeza, na ninyi munajua sasa namna hiyo ni shida kwangu.

Dawa ilifika, Dokta akaichoma pale masini ilionyesha, na shingo ikalegea, si yote, lakini mupaka Apolina akashona bila ukuta. Dawa ile inaisha nguvu kisha miezi michache, inatakiwa kurudiwa, na barabara ya huku munaijua. Ikifungwa, dawa inachelewa, na kila pikipiki ikisimama kwa mulango nazani wanakuja kuniuliza kama chupa imefika. Wakati ule mukono ya Mama Veronika inarudi kwa kazi yake.

Lakini nataka muione ile siku ya Mungu vile mimi naiona bado. Mama Veronika alisema chakula iletwe. Ikaletwa, bugali na sombe na nyama. Hakutoka nyuma ya Apolina. Munajua kwetu mutu hali na mukono ya kushoto, hata mutoto anapigwa kidole. Mukono yake ya kuume ilikuwa na kazi kwa kisogo ya Apolina. Basi Mama Veronika, mama wa ng'ombe zote zile, alinyoosha ya kushoto kwa sahani mbele ya washemeji zake wote, akakata bugali, akala. Na Apolina alikula akiwaangalia usoni, mumoja mumoja.